Kompyuta hulitambua faili kwa namba, si kwa jina

MJI wa Lushoto, uliopo katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, uliitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani. Jina lilibadilika, mji ukabaki palepale. Ua la Usambara nalo, lililopewa jina la kitaalamu Saintpaulia ionantha mwaka 1893, tangu mwaka 2015 limewekwa katika kundi la Streptocarpus, lakini mmea ni uleule.

Ndani ya kompyuta pia, jina ni kitu kimoja na faili ni kitu kingine. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuipoteza kazi ya miezi mingi kwa kunakili mara moja tu.

Hifadhi za mimea iliyokaushwa, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, iliyopo Lushoto, hukabiliana na tatizo hilohilo. Kwa kuwa majina ya mimea hubadilika, sampuli hutambuliwa kwa jina la aliyeikusanya pamoja na namba aliyoipa. Namba peke yake haitoshi, kwani wakusanyaji wawili wanaweza kuwa na sampuli namba 500 kila mmoja.

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta, hufanya vivyo hivyo. Hulitambua faili kwa diski lilimo pamoja na namba yake ndani ya diski hiyo.

Namna ya kutoa namba hutofautiana. Katika diski za Linux zenye mpangilio wa ext4, kila faili lina namba iitwayo ainodi, na folda ni orodha tu inayooanisha majina na namba. Faili moja linaweza kuwa na majina mawili. Likifutwa moja, faili hubaki kupitia la pili. Folda kuu ya kila diski ya aina hiyo ni namba 2, jambo linaloonyesha kwa nini diski nayo lazima itajwe.

Mpangilio wa NTFS, uliotoka na Windows NT mwaka 1993, huandika mafaili katika jedwali kuu. Namba ya safu huambatana na namba ya zamu, ili safu ikipewa faili jipya, lisidhaniwe kuwa ni lile la zamani.

Flashi nyingi hutumia FAT32, mpangilio wa mwaka 1996 usio na namba ya kudumu ya faili. Folda huandika jina na mahali yaliyomo yanapoanzia, na mfumo endeshi hujitungia namba ya muda.

Hapo ndipo penye hatari. Faili likihamishwa kutoka folda moja kwenda nyingine katika diski ileile, kinachobadilika ni orodha tu. Ndiyo maana hata picha kubwa ya video huhama mara moja. Lakini likipelekwa kwenye flashi, linalozaliwa ni faili jipya lenye jina la zamani. Muhtasari wa kikao ukinakiliwa Lushoto na kusahihishwa Tanga, ule uliobaki Lushoto haujui lolote. Anayerudi na kunakili toleo lisilo sahihi juu ya jingine hulifuta lililo sahihi.

Aidha, Linux huhesabu “Ripoti” na “ripoti” kuwa mafaili mawili, ilhali kwenye flashi ya FAT32 hilo ni jina moja. Yakinakiliwa pamoja, la pili linaweza kulifuta la kwanza.

Kinga yake ni nyepesi. Andika tarehe katika jina la kila toleo, chagua nakala moja tu ya kufanyia masahihisho, na ulifungue faili usome yaliyomo kabla ya kukubali kompyuta inapouliza kama libadilishwe. Jina kufanana si ushahidi kwamba faili ni lilelile.