Mawe, Maji na Baiskeli katika Msitu wa Mfalme

Kaskazini ya nchi ya Wales, jirani na mji mdogo wa Dolgellau, upo msitu uitwao Coed y Brenin, maana yake kwa lugha ya wenyeji ni Msitu wa Mfalme. Hapo kale ulikuwa sehemu ya milki ya kikabaila ya Nannau. Mwaka 1922 Tume ya Misitu ya Uingereza ikautwaa ili kupanda miti ya mbao, na mwaka 1935 ukapewa jina lake la sasa kwa heshima ya Mfalme George wa Tano alipotimiza miaka 25 katika kiti cha enzi. Upande wa kaskazini, huko Trawsfynydd, palikuwapo kambi na uwanja wa kulengea mizinga katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vishindo vya mizinga vilikwisha nyamaza zamani. Siku hizi wavamizi wa milima hiyo ni wapanda baiskeli.

Pengine ndugu askari atauliza baiskeli za starehe katika nchi ya mbali zatuhusu nini. Zatuhusu, kwa sababu habari hii kwa hakika ni ya vita baina ya mwanadamu na maji, na wale tuliopita shule ya kadeti tulikwisha kushika sepeto katika vita hivyo tangu siku ya kwanza tulipoamriwa kuchimba mfereji kuzunguka hema.

Katika miaka ya 1990 bwana misitu mmoja wa Coed y Brenin, Dafydd Davis, alianza kujenga humo vijia mahsusi kwa ajili ya baiskeli za milimani. Kabla ya hapo waendeshaji wa Uingereza walitumia njia za miguu, za farasi na za magari ya kubebea magogo. Msitu huu ukawa wa kwanza nchini humo kuwa kituo kamili cha mchezo huo, na misitu mingine ya Wales na Scotland ikafuata mfano wake. Bwana Davis baadaye alitunukiwa nishani ya MBE.

Tatizo alilolikabili ni rahisi kulieleza, ila si rahisi kulishinda. Sehemu hiyo ya Wales hunyeshewa mvua nyingi mno, na udongo wake juu ya mwamba ni mwembamba. Magurudumu yakipita mahali pamoja mara elfu, majani hufa, udongo hukatika, kijia hugeuka mfereji. Maji nayo hayahitaji kualikwa. Yakiona mfereji huingia na kuteremka. Kila yaongezapo kasi ndivyo nguvu zake za kubeba mchanga na kokoto zinavyozidi, hata mwisho hubaki mizizi na mawe makubwa. Mpanda baiskeli akiona hivyo hukwepa pembeni, wa pili humfuata, na baada ya majira mawili ya baridi kijia cha upana wa meta moja kimekuwa uwanja wa matope.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusu mawe bali kuchagua mahali pa kupita. Kijia hakishuki mlima moja kwa moja, bali hukata ubavu wake. Wajenzi wanayo kanuni ya nusu: mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu wenyewe. Ubavu ukiwa na mwinamo wa asilimia 20, kijia kisizidi asilimia 10, ama sivyo maji yatakifuata badala ya kukivuka. Tena ukingo wa nje hulazwa kidogo, yapata sentimeta 5 kwa kila meta ya upana, ili maji yatoke. Na kila baada ya masafa mafupi kijia hufanywa kishuke na kupanda tena, hata maji yaliyojikusanya yalazimike kutoka hapo kwenye bonde dogo. Aliyebuni jambo hilo tungempandisha cheo, maana dereva wa baiskeli huliona kama mchezo wa kumfurahisha, kumbe ni mfereji!

Pale ambapo udongo hauwezi kujitegemea ndipo mawe huingia. Msingi ni wa mawe makubwa, na juu yake kokoto zilizosagwa zikiwa na vumbi lake. Hapa yafaa tuonye: kokoto za mtoni hazifai, kwani ni za mviringo, huteleza moja juu ya nyingine kama gololi. Kokoto zilizopasuliwa zina pembe. Zikilowa kidogo na kushindiliwa hushikamana, na vumbi huziba nafasi zilizobaki.

Kwenye miteremko mikali hata hiyo haitoshi. Huko hutumika ufundi wa kale wa kupanga mawe kwa mkono. Fundi huanza chini na kupanda juu. Kila jiwe husimamishwa wima, sehemu yake kubwa ikizikwa kama gego ndani ya ufizi, nalo hubanwa na wenziwe. Viungo visiwe katika mstari mmoja unaofuata mteremko, la sivyo maji yatapata uchochoro. Kisha vipande vidogo hupigwa nyundo katika nafasi. Jiwe linalong'oka kwa mkono halikupangwa. Ni kazi ya polepole inayochosha mgongo, lakini hudumu miaka mingi, na ndiyo iliyoupa msitu huu sifa ya njia ngumu zenye miamba.

Wapo wapanda baiskeli wanaonung'unika kwamba kila kijia kikitiwa kokoto msitu unakuwa barabara, na ladha ya mizizi na udongo inapotea. Hatuwalaumu. Lakini kijia cha udongo mtupu huwafaa watu wachache, nacho cha umma hupokea umati, kiangazi na masika.

Matengenezo hayana fahari. Majani ya miti huanguka na kuziba mifereji. Mtu mmoja mwenye sepeto akipita mapema huokoa kazi ya juma zima. Kabla ya kona hutokea mawimbi, yale yale yanayotikisa magari yetu katika barabara za changarawe, kwa kuwa wote hufunga breki hapo. Kuyafukia tu ni bure, yatarudi. Fundi hodari huweka mwinuko kabla ya kona ili mwendo upungue wenyewe. Njia za mkato huzibwa kwa magogo. Ukaguzi hufanywa kwa zamu na kuandikwa daftarini, kama lindo lolote.

Tangu mwaka 2013 msitu huu uko chini ya shirika la maliasili la serikali ya Wales. Likibanwa na upungufu wa fedha, shirika hilo lilifunga mkahawa na duka la kituo cha wageni tarehe 31 Machi 2025. Wenyeji walipinga vikali na kuunda kikundi cha kutaka kukiendesha wenyewe, kwani biashara nyingi za wilaya hiyo hutegemea wageni waletwao na baiskeli. Vijia, maegesho na vyoo viliachwa wazi, na mvua ya Wales haikupunguza hata siku moja ya kazi yake.