CAN 2027 iko jirani: lakini safari ni ngumu mbele ya Kasindi

Mwezi wa 8 mwaka 2025 Léopards walikuwa Nairobi kwa CHAN. Tarehe 3 Kenya ikawafunga 1-0 pale Kasarani, wao wakapiga Zambia 2-0, wakapiga Angola 2-0, kisha tarehe 17 Maroc ikatupiga 3-1 na mambo ikaishia pale. Wengi wetu tuliangalia yote kwa télé, tukasema: kumbe Nairobi si mbali sana, tungeweza kwenda.

Sasa CAN ya 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Kama Léopards wanafuzu na wanapangwa Uganda, mutu wa Butembo atafika kwa kiwanja na gari tu, wakati ndugu yake wa Kinshasa anatafuta ndege. Tuongee basi juu ya njia mapema, mbele mutu hajatumia franga ya mwezi muzima bure.

Hesabu yenyewe ni hii. Butembo mpaka Beni, kilomita 54. Beni mpaka Kasindi, kilomita 80. Kutoka Mpondwe mpaka Kampala inapita 400. Ukiangalia karte unasema safari kubwa iko Uganda. Sivyo. Upande wa Uganda ni lami, unaweza hata kulala ndani ya bus. Zile 134 za kwetu njo zinakula akili. Kazi ya barabara ilianzishwa mwaka 2021, Kongo pamoja na Uganda, lakini mvua ikinyesha kila mutu anajua fasi gari zinakwama. Na kati ya Beni na Kasindi kuna habari ya ADF, ambao walishaua wasafiri kwa njia hii zaidi ya mara moja. Kwa hiyo toka asubuhi, uliza madereva kwa parking njia iko namna gani siku ile, usikubali gari ya mangaribi hata bei ikishuka. Wale wa Manguredjipa wahesabu siku nzima zaidi, juu kufika Butembo peke yake ni safari.

Karatasi. Kongo iliingia EAC mwaka 2022, na wengine wanafikiri kadi ya électeur inatosha, sawa vile Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho chake. Usitegemee ile. Mama anayevuka kwenda soko la Mpondwe na kurudi siku ile ile ana mambo yake; wewe unaenda mbali. Tafuta pasiporti. Bei ya serikali ni dola 75 tangu mwezi wa 6 wa 2025, ongeza transport ya kwenda kuifuata, na kungoja. Mwenye kuianza leo hatalia kesho. Beba pia karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na pita DGM mwenyewe, si kwa mkono wa kijana anayekukimbilia kwa barrière.

Tena wachimbaji, hii ni yenu: usibebe dhahabu mfukoni ukisema utaiuza Kampala ulipe tiketi. Hata gramu mbili ni fraude, na utapoteza match, dhahabu na pengine uhuru. Uza Butembo, beba dola safi. Noti iliyopasuka kidogo tu wanaikataa kule kama huku.

Ukivuka mto Lubiriha, sogeza saa yako mbele: saa mbili ya Kasindi ni saa tatu ya Mpondwe. Tunasema hivi juu bus haingoji mutu. Kule gari zinapita kushoto. Angalia kuume kwanza mbele ya kukata barabara, zaidi kama uko na watoto. Kutoka Mpondwe unapanda taxi mpaka Kasese, kisha bus ya Kampala kwa Fort Portal. Kiwanja cha Namboole hakiko katikati ya mji, kiko upande wa mashariki, kwa barabara ya Jinja, na siku ya match gari hazisogei. Boda zinafika haraka, lakini patana bei mbele ya kupanda.

Kuna pia Hoima, ambako Uganda ilijenga kiwanja kipya cha watu 20.000 juu ya CAN hii. Kwetu iko karibu kupita Kampala: baada ya Fort Portal unafika Kyenjojo, pale unaacha barabara ya Kampala na kukata kushoto. Sisi tungechagua Hoima bila kuwaza mara mbili.

Nairobi ni usiku mwingine mzima wa bus toka Kampala. Mwenye familia afikiri vizuri.

Na kurudi? Match ikiisha usiku, usitafute gari ya kukimbilia mpaka. Kesho yake safiri mpaka Kasese, lala pale, vuka asubuhi, kusudi zile kilomita 80 za kwetu uzifanye na jua.