Kumenya muhogo: kazi inayosumbua roboti

BARAKA, Kivu Kusini – Katika soko la Baraka, mama anayemenya muhogo hauweki chini. Kisu kinapita, vidole vinauzungusha kidogo, kisu kinapita tena. Kwa zaidi ya miaka 40 wataalamu wanajaribu kufundisha mashine kazi ya namna hiyo, na bado ni ngumu.

Wakongomani wengi wanajua roboti za Kinshasa, zilizobuniwa na injinia Thérèse Izay Kirongozi na kuanza kuongoza magari mwaka 2013. Lakini mikono yake inatoa ishara tu. Haishiki kitu.

Kushika peke yake si shida kubwa: mashine nyingi za viwandani zinafanya hivyo kwa vidole viwili. Shida ni kugeuza kitu ambacho tayari kiko mkononi. Ili kidole kimoja kihame, vingine vinapaswa kuendelea kubana. Vikilegea, kitu kinaanguka. Vikikaza sana, kinapasuka. Tena kitu kikiwa na maji, kama ndagala waliotoka ziwani, kinateleza, na nguvu iliyotosha mwanzo haitoshi tena.

Mwanadamu hahesabu hayo yote. Ngozi ya ndani ya mkono mmoja ina vipokezi vya mguso karibu 17,000. Kitu kikianza kuteleza, vidole vinakaza chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mwenyewe hajafikiri.

Mwaka 2018, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitumia mkono wa vidole vitano uliotengenezwa na Shadow Robot ya London, ambao vidole vyake vinavutwa na kamba. Programu yake ilijifunza kugeuza kipande chenye pande sita kwa kujaribu na kukosea ndani ya kompyuta, muda unaolingana na miaka 100 hivi. Oktoba 2019, mkono huo ulipanga mchezo wa rangi wa Rubik baada ya mazoezi yanayolingana na miaka 13,000. Hata hivyo, mchezo ulipovurugwa kabisa, ulifaulu mara 1 tu kati ya 5.

Jambo hili linagusa moja kwa moja watu waliopoteza mkono kwa vita au ajali. Kivu Kusini, kituo cha Heri Kwetu cha Bukavu, kilichosaidiwa na CICR, kinatoa viungo vya bandia. Lakini mikono ya bandia ya bei nafuu, popote duniani, kwa kawaida ni ya sura tu, au ina ndoano inayofunguliwa na kamba ya begani. Ndoano inashika, haigeuzi. Anayeitumia hubana muhogo mezani, kisha humenya kwa mkono mzima.

Mikono yenye moteri na vidole vinavyojongea ipo, lakini ni ghali sana, inahitaji umeme wa kuchaji na fundi wa karibu. Kwa mkulima au mvuvi wa Fizi, inapaswa pia kuvumilia maji na vumbi.