Gari Limegoma Shambani: Kuchagua Kifaa cha Kubusti Betri

(Muziki wa kipindi. Unapungua taratibu.)

Ndugu wakulima na wafugaji wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, nanyi nyote mnaotusikiliza kutoka mikoa mingine, leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala dawa ya wadudu. Leo tunazungumza juu ya betri.

Mtauliza, betri na kilimo vinahusiana nini? Subirini kidogo. Mkulima wa pamba hapa Simiyu hupanda mvua za Novemba na Desemba zinaposhika. Trekta la kukodi ni moja, wanaolingoja ni kumi. Mvua imenyesha usiku, udongo umelainika. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, anasikia tk, tk, basi. Betri imekufa. Fundi yuko mjini, ninyi mko ndani huko kijijini. Siku hiyo imepotea, na wote walio kwenye foleni wamerudi nyuma pamoja. Tena gari hilo hilo la kijiji ndilo linalobeba mzazi usiku kwenda hospitali. Likigoma saa hiyo, si pamba tu inayoharibika.

Sote tunajua njia za zamani. Ya kwanza ni kusukuma. Lakini trekta lililozama kwenye tope halisukumiki, na gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Njia ya pili ni kuazima umeme wa gari jingine kwa waya. Njia hiyo ni nzuri, ila inataka gari la pili liwepo. Siku hizi iko njia ya tatu: kifaa kidogo cha kubusti, ambacho unaweza kukishika mkononi. Ndani yake mna betri ya lithiamu, na nje mna waya mbili zenye vibano, mmoja mwekundu na mwingine mweusi.

Sasa tafadhali chukua kalamu na karatasi. Kabla hujatoa fedha yako dukani, tazama mambo manne.

La kwanza ni volti. Magari madogo, pikapu na matrekta mengi hutumia volti 12. Malori mengi, pamoja na Fuso na Kanta nyingi zinazobeba pamba, hutumia volti 24. Gari likiwa na betri mbili usikimbilie kusema ni volti 24. Fuata waya inayounganisha betri hizo. Ikiwa inatoka kwenye chanya ya betri moja kwenda kwenye hasi ya nyingine, hiyo ni volti 24. Ikiwa chanya imefungwa kwa chanya na hasi kwa hasi, hiyo bado ni volti 12. Kifaa cha volti 12 hakitaamsha lori la volti 24, na kifaa cha volti 24 kikifungwa kwenye gari la volti 12 kinaweza kuunguza vyombo vyake vya umeme.

La pili ni nguvu ya msukumo, inayopimwa kwa ampea. Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Juu ya boksi utaona namba kubwa, pengine 1,000 au 2,000. Hiyo ni ampea ya kilele, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua tu. Namba unayoihitaji ni ile ndogo, ampea ya kuwashia, ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa sekunde chache mfululizo. Mwambie muuza duka akuonyeshe hiyo. Kumbuka pia kwamba injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi kuliko ya petroli, kwa hiyo stata yake hula umeme mwingi zaidi. Kifaa kinachoamsha Probox ya petroli ya lita 1.5 kinaweza kushindwa kabisa mbele ya Land Cruiser ya dizeli ya lita 4.2. Soma maandishi ya mtengenezaji: kifaa ni cha petroli hadi lita ngapi, na cha dizeli hadi lita ngapi. Kisha chagua kinachozidi injini yako kidogo, maana betri ya kifaa nayo huchoka kadiri miaka inavyokwenda.

La tatu ni akiba. Hii huandikwa kwa herufi mAh. Ukiona 20,000 usishtuke ukadhani ni mtambo. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa kwa volti 3.7 za ndani, kwa hiyo ni sawa na wati-saa 74 tu. Betri ya gari ya ampea-saa 70 ina wati-saa 840. Maana yake nini? Kifaa hiki hakijazi betri yako. Ni kama jirani anayekutwika ndoo kichwani. Akishakutwika, safari ni yako.

La nne ni ulinzi. Chagua chenye vibano vinavyokataa kupitisha umeme ukikosea nyekundu na nyeusi, na chenye taa ya kuonyesha kwamba umefunga sawasawa. Vifaa vingine vina kitufe cha kulazimisha umeme upite wakati betri imekauka kabisa. Ukibonyeza hicho, ulinzi wote unaweza kuwa umezimwa. Basi hakikisha mara mbili kabla hujagusa.

Haya, umenunua. Kukitumia ni hivi. Zima ufunguo na taa zote. Usivute sigara hapo, kwa sababu betri ya gari hutoa gesi inayoweza kulipuka. Bana nyekundu kwenye chanya. Kisha bana nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, au pale kijitabu cha kifaa kinapoagiza. Piga stata kwa sekunde tano, usizidishe. Ikigoma, pumzisha dakika moja au mbili, halafu rudia. Injini ikiwaka, toa nyeusi kwanza, kisha nyekundu.

Wazee walisema akiba haiozi, lakini akiba ya umeme huvuja. Kichaji kifaa chako kila baada ya miezi mitatu hata kama hukukitumia, na ukitazame kabla ya mvua za kwanza. Usikiache juu ya dashibodi. Jua la kwetu likipiga kioo, hapo juu panaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo huua betri ya lithiamu na laweza kuiwasha moto. Kikivimba, usikitumie tena wala usikichaji.

Na tusidanganyane, ndugu zangu. Kifaa hiki hakitibu ugonjwa. Ikiwa unabusti kila asubuhi, tafuta chanzo. Kwanza safisha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe au wa kijani, ukavikaze. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, kipimo kipande hadi karibu 14. Kisipopanda, mgonjwa ni altaneta au mkanda wake, na hapo ni kazi ya fundi.

Mwisho, si lazima kila mtu anunue cha kwake. Wenye matrekta wa kijiji kimoja, au wanachama wa chama cha msingi, wanaweza kuchanga wakanunua kimoja kizuri. Lakini mkubaliane mapema nani atakitunza na nani atakichaji. Kifaa cha wote kisicho na mtunzaji, siku ya haja utakikuta kimekauka kama betri yenyewe.

Basi turudie: volti, ampea ya kuwashia, akiba, ulinzi. Yaandike ukutani karibu na ufunguo wa trekta. Mvua ikishika, trekta nalo liwe tayari.

Kwaherini, na kazi njema.

(Muziki wa kipindi.)