Ujifunzaji wa Usimamizi wa Hafla Darasani na Kazini: Mfano wa Udhibiti wa Umati

Makala hii inafafanua namna ujifunzaji wa kitaaluma na ujifunzaji wa kazini unavyoweza kuunganishwa katika masomo ya usimamizi wa hafla. Hoja inayojengwa ni kwamba muungano huo haupatikani kwa mwanafunzi kusoma kwanza na kwenda kazini baadaye, bali kwa swali moja kuchunguzwa kote kuwili. Udhibiti wa umati umeteuliwa kuwa mfano kwa kuwa kasoro zake hugharimu uhai. Nchini Tanzania, watu 20 walifariki kwa kukanyagana katika ibada iliyofanyika uwanjani mjini Moshi tarehe 1 Februari 2020. Wengine 45 walifariki tarehe 21 Machi 2021 katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli.

Darasani, mwanafunzi hujifunza kanuni. Mwongozo wa Uingereza kuhusu usalama wa viwanja vya michezo, ujulikanao kama Green Guide, hukadiria kwamba kila mita moja ya upana wa njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, na kwamba muda wa kutoka katika hali ya kawaida usizidi dakika 8. Kwa hesabu hiyo, lango la mita 2 hupitisha watu 1,312 katika muda huo. Hafla ya watu 3,000 huhitaji njia zenye upana wa jumla wa takribani mita 4.6.

Kazini, mwanafunzi hukutana na lango lenyewe. Huenda akakuta upande mmoja umefungwa kufuli ili kuwazuia wasio na kadi, au jenereta imewekwa njiani. Upana ulioandikwa kwenye ramani hupungua nusu. Aidha, hugundua kwamba ufunguo uko kwa mwenye ukumbi, amri iko kwa kamati ya maandalizi, na mlinzi aliyesimama langoni hana kimojawapo. Maarifa haya hayamo katika kanuni yoyote.

Hata hivyo, uzoefu pekee hautoshi. Mratibu ambaye hafla zake zote zimemalizika salama anaweza kuamini kwamba kufunga lango hakuna madhara. Lakini ajali kutotokea si ushahidi kwamba hatari haikuwapo. Donald Schön (1983) alisisitiza tafakuri ya mtendaji wakati wa tendo na baada yake. Katika mfano huu, hesabu ndiyo inayoipa tafakuri hiyo kipimo. Bila hesabu, kazi hufundisha mazoea.

Hivyo basi, tathmini nayo haina budi kubadilika. Daftari linaloorodhesha majukumu huthibitisha tu kwamba mwanafunzi alikuwapo. Inapendekezwa kwamba mwanafunzi apime malango kabla ya hafla, akadirie mtiririko, ahesabu watu wanaopita, kisha aeleze tofauti mbele ya mhadhiri na msimamizi wake wa kazini wakiwa pamoja. Makubaliano ya mafunzo nayo yabainishe ni nani atakayepokea taarifa ya hatari, kwa kuwa mwanafunzi huweza kuiona bila kuwa na mamlaka ya kuiondoa. Mtahini atabaki na swali linalohitaji majibu ya darasani na ya kazini kwa pamoja: lango lipi lifunguliwe, kwa amri ya nani, na wakati gani?