Beseni Hupasuka Kufuata Mkondo

Pindua beseni la plastiki utazame kitako chake. Katikati utakuta kijipele kidogo, pengine kimekwanguliwa kwa kisu. Hapo ndipo plastiki ya moto ilipoingilia kwenye moldi, ikatandaa kwenda pande zote kama uji uliomiminwa sahanini. Sasa tafuta beseni lililopasuka. Mara nyingi ufa umeanzia karibu na kijipele hicho, ukanyooka kuelekea ukingoni. Ni nadra kuukuta umezunguka kitako. Mwenye beseni atamlaumu muuza duka, muuza duka atasema kiwanda kimetumia plastiki feki. Mimi huuliza kwanza plastiki hiyo ilipitaje.

Mabeseni mengi ni ya polipropilini. Molekuli zake ni minyororo mirefu mno, na ikiyeyuka huzongana kama tambi sufuriani. Ikipoa, sehemu ya minyororo hujikunja na kujipanga kwa tabaka zilizobanana, ndizo fuwele. Iliyobaki huganda shaghalabaghala vilevile ilivyokuwa. Fuwele hukipa chombo ugumu na kukiwezesha kustahimili maji ya moto. Ule mzongo uliobaki hukizuia kisivunjike kama kioo. Plastiki ikipoa imetulia tuli, fuwele huanzia kwenye vitone vichache na kukua pande zote sawasawa, hadi kuwa vimpira vinavyoonekana kwa hadubini.

Kiwandani hakuna utulivu huo. Plastiki yenye joto la nyuzi 230 hivi za Selsiasi husindikwa ndani ya moldi ya chuma inayopozwa kwa maji, ikaijaza kwa sekunde chache. Tabaka linalogusa chuma huganda papo hapo. Linalofuata bado linatiririka: upande mmoja linang'ang'aniwa na lililoganda, upande wa pili linaburutwa na mkondo. Katika kukokotwa huko minyororo hunyooka. Mfupi hujikunja tena upesi, mrefu huchelewa, na kuchelewa kwenyewe si kwa kadiri ya urefu tu. Mnyororo ukiwa mrefu mara 2, muda wake wa kurudi kwenye mzongo huwa mrefu takriban mara 10. Kwa hiyo minyororo michache iliyo mirefu kupita mingine ndiyo yenye kauli. Baridi ikiikuta bado imenyooka, hushikana ikawa uzi mwembamba wa fuwele, kisha fuwele nyingine huota juu ya uzi huo mithili ya visahani vilivyotungwa.

Wataalamu waliuita muundo huo kwa jina la chakula cha Kituruki, shish-kebab. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa: ni mishikaki, kijiti na nyama zake. Albert Pennings, mkemia Mholanzi, aliikuta katika miaka ya 1960 alipokoroga polietilini iliyoyeyushwa katika zailini, nyuzi zikajizonga kwenye mwiko wa mashine. Mwaka 1979 Paul Smith na Piet Lemstra, wa kampuni ya DSM ya huko huko Uholanzi, walibuni njia ya kusokota polietilini ya minyororo mirefu sana na kuivuta hadi karibu yote inyooke. Ndiyo inayouzwa kwa jina la Dyneema, ikatengenezewa kamba za meli na fulana za kuzuia risasi.

Turudi kwenye beseni. Mishikaki yake yote imelala ikitokea kwenye kijipele kwenda nje, kama njiti za mwavuli. Ukilivuta kwa kufuata njiti, ni imara. Ukilivuta kwa kuzitenganisha, linaachana kama ukuni unaopasuliwa kufuata nyuzi zake. Kiwanda kingeweza kuipasha moldi joto zaidi, minyororo ikapata nafasi ya kujikunja kabla ya kuganda, lakini kila beseni lingechukua muda mrefu zaidi kupoa, na kiwanda huhesabu mabeseni kwa saa. Shutuma ya plastiki feki nayo si ya kutupwa kabisa: plastiki iliyorejelezwa mara nyingi imekatika minyororo, na ile mirefu ndiyo hutangulia kukatika.

Kasoro hiyo ya beseni, kwenye kiroba cha mchele inatafutwa kwa makusudi. Utepe wake hupashwa moto na kuvutwa mara 5 hadi 7 ya urefu wake wa mwanzo kabla ya kufumwa. Chomoa mmoja uuvute kwa urefu: utakuumiza kidole kabla haujakatika. Ukwaruze kwa ukucha kwa upana, unachambuka kama katani. Kuna wanaolitoboa beseni lililopasuka kwa msumari wa moto na kulishona kwa utepe huo, nao ni polipropilini ile ile.