Ndovu wa Sagalla na simu ya mkulima

Asilimia 62 hivi ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Inayobaki inagombewa na mashamba ya mkonge, ranchi, miji na wakulima wadogo. Ndiyo maana mazungumzo ya uchumi wa kidijitali hapa Voi hayawezi kuanzia kwenye kasi ya intaneti. Mkulima anataka kwanza kujua iwapo mahindi na pojo zake zitafika ghalani, au zitaliwa na ndovu zikiwa zimebakiza siku chache tu kuvunwa.

Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya, na kundi kubwa kuliko yote liko Tsavo. Chini ya mlima wa Sagalla, msimu wa mavuno ni msimu wa kukesha. Watu huwasha mioto na kupiga madebe hadi alfajiri, kisha kunakucha wakiwa hawana nguvu za kazi. Hasara hiyo ya usingizi haiandikwi kwenye bajeti yoyote, ila inakula uchumi wa kijiji kama ukame.

Habari za ndovu hao zipo. Machi 2016, reli ya SGR ikiwa inajengwa kupitia Tsavo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, pamoja na Save the Elephants waliwavisha ndovu kumi kola za GPS ili kufuatilia nyendo zao. Hata kumwonya binadamu kwa njia hiyo si jambo geni. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kule Ol Pejeta, Laikipia, ndovu dume aliyeitwa Kimani alivishwa kola yenye laini ya simu. Kila alipokaribia mpaka uliochorwa kwenye kompyuta, kola ilituma ujumbe mfupi, na askari wakatoka kumrudisha kabla hajaingia mashambani.

Wakati huohuo Sagalla ilikuwa na mbinu nyingine, isiyotumia betri. Mtafiti Lucy King na wakulima wa huko walizungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anarudi alikotoka. Utafiti wa miaka tisa katika vijiji vya Mwakoma na Mwambiti, uliochapishwa 2024, ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao kati ya 2014 na 2020 uzio huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba. Juu ya hayo, wakulima waliuza asali.

Kisha ukaja ukame wa 2017. Maua yalikosekana, nyuki wakahama, na idadi ya mizinga yenye nyuki ikashuka kwa robo tatu. Hapo ndipo kola na nyuki vinapohitajiana: nyuki wakiadimika, angalau onyo lifike mapema.

Lakini limfikie nani? Kwa maoni yangu, hili ndilo linaloamua kama teknolojia itakuza uchumi wa watu au itawapita tu. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilifanikiwa kwa sababu ilikubali simu yoyote ile, hata kabambe, yaani simu ya kawaida ya vitufe, na wakala akawa kwenye duka la jirani. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo iliziondoa familia 194,000 kwenye umaskini uliokithiri, na zilizonufaika zaidi ni zile zinazoongozwa na wanawake.

Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM nazo zilifika Mombasa 2009, na mkongo wa kuelekea Nairobi unapita hapahapa Voi. Utafiti wa Jonas Hjort na Jonas Poulsen wa 2019 ulibaini kwamba nyaya za aina hiyo ziliongeza ajira Afrika, hata kwa waliokomea shule ya msingi. Hata hivyo, ukiiacha barabara kuu kuelekea Kasigau, mtandao huanza kukatikakatika. Mtu hawezi kuuza mazao kwa simu isiyoshika.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na ndovu. Onyo lililofika saa mbili kabla ni nafuu kuliko fidia hiyo, na lina utu zaidi. KWS, serikali ya kaunti na kampuni za simu wana vifaa vya kulituma. Waanze na vijiji vya Sagalla, kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili, bila malipo, kwenye simu ya kila mwenye shamba, na waanze kabla ya mvua za vuli.